Pale Fundi Alipokataa Kuchomelea

Chuma humtahadharisha fundi wake. Ukikipasha moto kinaanza kuwa chekundu, kinaingia rangi ya chungwa, kisha kinaelekea weupe, na anayekichomelea anazisoma rangi hizo na kujua amefika wapi. Alumini haisemi kitu. Inabaki na weupe wake uleule mpaka nyuzi 660 za Selsiasi, halafu inadondoka sakafuni, na pale palipokuwa na boriti panabaki tundu. Juu ya hayo, kila kipande cha alumini kimefunikwa na utando wa oksidi usioonekana kwa macho, nao hauyeyuki mpaka ufike nyuzi elfu mbili na kitu. Fundi asiyeujua utando huo atasubiri juu iyeyuke wakati chini kumeshakuwa maji.

Ndiyo maana kazi huanza kabla ya moto. Kipande kinafutwa grisi, kinasuguliwa kwa brashi ya chuma kisichoshika kutu, tena brashi ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida, na kinachomelewa mapema kabla utando haujanenepa tena. Anayetumia sindano ya tangsteni hutumia umeme wa mkondo geu: nusu ya mzunguko inavunja oksidi, nusu nyingine inapeleka joto. Viwandani, ambako mtu anachomelea mita nyingi kwa siku, hutumia zaidi bunduki inayotoa waya wenyewe, na argoni tupu ikifukuza hewa. Waya wa alumini ni laini mno kusukumwa safari ndefu ndani ya mpira, hivyo mara nyingi kigurudumu chake huwekwa kwenye bunduki yenyewe, na fundi anashinda ameubeba uzito huo mkononi.

Nimeanza na moto kwa makusudi. Trela za alumini zilizofunikwa pande zote, zile ambazo Wamarekani hubebea magari wasiyotaka yaguswe na mvua wala kokoto, wanunuzi wengi huzitazama kuanzia upande usiofaa. Wanaanza na rangi, wanaingia ndani kuhesabu taa, wanafungua makabati na kuyafunga. Rafiki yangu mmoja, Mkenya anayeishi Indiana na kusafirisha magari ya kale na ya mashindano kwa niaba ya wenye nayo, alipotaka trela mpya alinichukua twende naye uwanjani kwa muuzaji. Yeye ujana wake aliuchoma Nairobi akitengeneza mageti na madirisha. Tulipofika alitandika kipande cha boksi chini, akavua koti.

"Kaka, wewe ingia ndani ukatazame kama unapenda," aliniambia. "Mimi nalala chini."

Sikuingia ndani. Nililala chini pamoja naye, na mengi ya haya niliyaona nikiwa chali.

Indiana ya kaskazini ni mahali pazuri pa kulala chini ya trela. Kaunti ya Elkhart na jirani zake hutengeneza sehemu kubwa ya nyumba za magurudumu zinazotumika Marekani, na kutokana na kazi hiyo kumekua ukoo mzima wa viwanda: wa ekseli, wa madirisha, wa taa, wa mbao. Dexter, jina utakalolikuta limebandikwa kwenye ekseli za trela nyingi nchini humo, ina makao Elkhart. Katika mji mdogo wa Nappanee kuna ATC na inTech, wote watengenezaji wa trela za alumini. Featherlite wako mbali kidogo, Cresco, jimbo la Iowa. Katika viwanda vya Elkhart utakuta mafundi wengi Waamish, watu ambao dini yao hairuhusu kumiliki gari. Fundi anafika kazini kwa baiskeli, anashinda akiunda nyumba ya kulazia Corvette, jioni anarudi nyumbani aliko farasi wake. Sijawahi kusikia mnunuzi akilalamikia jambo hilo.

Sasa turudi chini ya trela. Sifa ya kwanza ya alumini ni wepesi: sentimita moja ya ujazo ina gramu 2.7, wakati ya chuma inakaribia 7.9. Lakini kuna deni. Ukakamavu wake pia ni theluthi moja tu ya chuma. Mtu akichukua boriti ya chuma akaiga vipimo vyake vilevile kwa alumini, boriti mpya itapinda mara tatu zaidi chini ya mzigo uleule. Dawa ya deni hilo iko kwenye kimo. Boriti ya mstatili ukiiongezea kimo maradufu bila kugusa upana, ukinzani wake wa kupinda unapanda mara nane. Kwa hiyo trela ya alumini iliyofikiriwa vizuri ina boriti ndefu za wima, nyembamba kiunoni, nene juu na chini. Ukiona boriti za alumini fupi kama zile za trela ya chuma ya jirani, mwenye kiwanda amebadilisha madini bila kubadilisha mawazo.

Na hapa ndipo alumini inapolipa deni lake kwa heshima. Chuma cha trela kwa kawaida hukunjwa au hupitishwa kwenye rola, na umbo lake ni lile linalopatikana sokoni. Alumini husukumwa ikiwa moto kupitia tundu lililochongwa, ikatoka upande wa pili imeshakuwa umbo analotaka mchoraji: hapa mfereji wa kupitishia nyaya, hapa mdomo wa kupokea ukuta, hapa unene umeongezwa kwa sababu bolti itapita, pale umepunguzwa kwa sababu hakuna kazi. Boriti ya pembeni ya trela mojawapo tuliyoitazama ilikuwa na kila kitu ndani ya kipande kimoja: ukingo wa kukalia sakafu, uso wa kubandikia ganda la nje, na mdomo mdogo chini wa kumwaga maji ya mvua yasirudi ndani. Kwa chuma, hivyo ni vipande vitatu na mistari mirefu ya kuchomelea. Rafiki yangu alipitisha kidole kwenye ule mdomo wa maji mara mbili tatu bila kusema neno.

Kuna tatizo jingine, na kwangu ndilo linalotenganisha fundi na mchomeleaji. Alumini ya boriti hizi mara nyingi ni ile iitwayo 6061-T6, yenye magnesi na silikoni kidogo. Herufi ile T na tarakimu 6 zinaeleza malezi yake: ilipashwa moto mpaka magnesi na silikoni zikayeyukia ndani, ikapozwa ghafla, kisha ikarudishwa kwenye tanuri la joto la wastani kwa saa nyingi mpaka ikakomaa. Nguvu yake yote imetokana na subira hiyo. Moto wa kuchomelea unaifuta kwa sekunde. Kwenye kipimo cha inchi moja hivi kila upande wa mshono, metali inapoteza theluthi ya nguvu zake na zaidi, wala huwezi kuiingiza trela nzima tanurini ukazirudishe.

Tena alumini haisahau. Chuma kikitikiswa chini ya kiwango fulani cha mkazo, kinaweza kuvumilia mitikisiko isiyohesabika. Alumini haina kiwango hicho: kila shimo la barabarani linahesabiwa, hata dogo. Ukiyaweka hayo mawili pamoja, udhaifu kando ya mshono na hesabu isiyofutika, utaelewa kwamba ujuzi mkubwa wa mtengenezaji wa trela ya alumini uko katika kuchagua mahali pa kutopeleka moto.

Mahali pa kuutazama ujuzi huo ni shingo, yaani zile boriti mbili za mbele zinazokutana kwenye kikombe kinachokaa juu ya tufe la pikapu. Mzigo wote wa kuvuta, kusimama ghafla na kurukaruka hupitia hapo, na trela ikipasuka mara nyingi hupasukia pale shingo inapoingia chini ya ukuta wa mbele. Trela ya kwanza tuliyoilalia, nzuri kwa juu hata kuliko wenzake, shingo yake ilikomea karibu tu na ukuta wa mbele, na fundi alikuwa ameizungushia mshono mnene, ukikata boriti kwa upana, chini kabisa, penye mvutano mkubwa kuliko popote. Mshono wenyewe ulikuwa mzuri kwa macho. Ulikuwa mahali pabaya.

Trela ya tatu ilikuwa habari nyingine. Shingo ilipita chini ya ukuta wa mbele ikaendelea nyuma zaidi ya mita moja na nusu, ikikutana na boriti za sakafu moja baada ya moja. Mishono ilifuata urefu wa boriti, haikuikata. Ncha za shingo zilikuwa zimekatwa mshazari ili ukakamavu usikome ghafla, na mishono ilisimama sentimita kadhaa kabla ya ncha. Ncha zenyewe ziliachwa tupu. Mtu asiyejua angedhani fundi aliishiwa na waya.

"Huyu alijua," alisema rafiki yangu, akacheka peke yake kule chini.

Alinionyesha jambo jingine, dogo zaidi. Mwisho wa kila mshono, pale fundi anapozima umeme, alumini inayoganda hujikunja na kuacha kishimo. Kishimo hicho kikiachwa hupasuka katikati, ufa wenye matawi unaoweza kuonekana kwa tochi, na ufa huo ni mbegu. Fundi mzuri akifika mwisho hurudi nyuma kidogo juu ya mshono wake mwenyewe na kukijaza kabla ya kuachia. Tulitafuta vishimo kwenye trela ile ya tatu, tukapata vimejazwa vyote tulivyoweza kuvifikia. Masizi meusi kandokando ya mshono hayakumsumbua rafiki yangu. Hayo hutoka kwa magnesi iliyo kwenye waya, hufutika kwa kitambaa, na ni mnunuzi mgeni tu anayeyaogopa.

Kuhusu ganda la nje, vita kati ya skrubu na gundi vimeshaamuliwa, ingawa wapo wanaouza skrubu bado. Ganda hubandikwa kwenye nguzo za ukuta, ambazo katika trela nzuri ziko inchi 16 moja hadi nyingine, kwa mkanda wa povu la akriliki wenye gundi pande mbili. Sababu si urembo peke yake. Paa la kipande kimoja la trela ya futi 24 likitoka kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri likafika joto la nyuzi 60 juani, hurefuka kwa zaidi ya sentimita moja. Fremu iliyo kivulini haikui kiasi hicho. Skrubu haitaki kusogea, hivyo tundu lake linapanuka na maji yanapita; mkanda unanyumbuka na kurudi. Ila gundi nayo ina masharti: uso ufutwe kwa spiriti, pasiwe na baridi kali, ganda lishushwe mara moja palepale panapotakiwa, kisha likandamizwe kwa rola kutoka mwanzo hadi mwisho. Likigusa mahali pasipotakiwa, hakuna kulisogeza. Ukisimama ubavuni ukatazama kwa pembe jua linapogonga, utaona kama mkono ulitetemeka.

Nina udhaifu wangu kwa ribiti, nikiri. Kule Jackson Center, Ohio, Airstream wanaendelea kufunga magamba yao ya alumini kwa ribiti za namna ya ndege, kazi ya watu wawili: mmoja nje ana nyundo ya hewa, mwenzake ndani amekandamiza kipande kizito cha chuma, na kati yao kuna ganda ambalo hakuna anayeweza kuona ng'ambo yake. Wanakwenda kwa kuzoeana. Kwa trela ya kubebea magari hiyo ni anasa, na rafiki yangu aliniambia hivyo bila huruma.

Adui mkubwa wa trela ya alumini katika majimbo yale ni chumvi. Majira ya baridi barabara hunyunyiziwa chumvi kuyeyusha barafu, na maji ya chumvi yakikaa kati ya alumini na chuma yanafanya kazi ileile inayofanyika ndani ya betri, huku alumini ikiwa ndiyo inayoliwa. Inageuka unga mweupe kimyakimya, chini ya kichwa cha bolti. Trela haiwezi kukwepa chuma kabisa: ekseli ni za chuma, kikombe cha mbele ni cha chuma. Kwa hiyo penye makutano hayo tulitafuta kitu kidogo sana, kipande cha plastiki au mpira kilichowekwa katikati, na bolti za chuma kisichoshika kutu au zilizopakwa zinki. Kwenye trela ya tatu mabano ya ekseli yalikuwa yamekalia kipande cheusi cha plastiki, kingo zake zimejitokeza kidogo pande zote. Kwenye ya kwanza, chuma kilikalia alumini hivihivi.

Ekseli zenyewe ni za aina mbili. Zile za springi za majani tunazifahamu wote. Zinavumilia, zinapiga kelele, na fundi yeyote kando ya barabara anazitengeneza. Zile nyingine zina bomba la pembe nne ambalo ndani yake kuna mhimili mdogo wa pembe nne na kamba nene za mpira kwenye pembe. Gurudumu likipanda, mhimili unajizungusha na kuibana mipira. Hakuna kinachogongana na hakuna pini ya kupaka grisi, na gari lililo ndani linasafiri kwa utulivu. Mpira ukichoka, ekseli nzima hubadilishwa. Kwa mzigo wa thamani mimi ningechukua za mpira. Rafiki yangu pia alichukua hizo, ila kwa shingo upande, kwa kuwa springi angeweza kuitengeneza mwenyewe.

Ndani, tulipoingia hatimaye, rafiki yangu hakutazama makabati. Alipiga goti akakamata pete za kufungia mikanda na kuuliza zimeshikwa na nini. Pete iliyofungwa kwa skrubu kwenye ubao wa sakafu ni pambo. Pete ya kweli imepitishwa bolti hadi kwenye fremu, na chini yake kuna bamba la kutawanya nguvu. Kisha akaenda kwenye ubavu wa kushoto. Trela hizi kwa nje zina upana wa inchi 102, mwisho unaoruhusiwa kwenye barabara kuu za Marekani, lakini katikati ya maboksi ya matairi hubaki mita mbili na kidogo tu. Ukiingiza gari, huwezi kufungua mlango wako ukatoka. Zamani madereva walitokea dirishani. Siku hizi ukuta hukatwa mlango mpana juu ya tairi, na boksi la tairi linang'oka, mlango wa gari ukafunguka hewani. Ni jambo la raha, na ni jeraha kubwa kwenye ukuta. Aliye makini hulitibu kwa boriti nene juu ya uwazi na pembe zilizoimarishwa. Tulisukuma na kuvuta mlango huo tukiangalia kama nafasi kati ya mlango na fremu inabaki sawa kutoka juu hadi chini. Ilibaki.

Hesabu ya uzito ilifanyika juu ya boneti ya pikapu. Kibandiko cha kiwanda kilisema trela ikiwa na mzigo isizidi ratili 9,990. Namba hiyo haikutokea kwa bahati. Sheria ya leseni ya Marekani inamwangalia kwa jicho jingine dereva ambaye gari na trela yake vikijumlishwa vinapita ratili 26,000, huku trela yenyewe ikizidi 10,000; basi watengenezaji wanasimama ratili kumi nyuma ya mstari. Ndani ya mpaka huo, kila kilo ambayo trela haina ni kilo ya gari unayoweza kubeba. Trela tupu ya kilo 1,500 inakuachia takriban kilo 3,000. Ya chuma yenye ukubwa huohuo huwa na mamia ya kilo zaidi, na hapo hujaweka vifaa wala tairi la akiba.

Mahali pa ekseli nako ni sehemu ya ufundi, kwani kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote inapaswa kukaa juu ya tufe la pikapu. Ikipungua, trela huanza kuyumba mkia kwenye mwendo, na dereva asiye mzoefu hukanyaga breki na kuzidisha balaa. Gari lenye injini mbele huingia mbele. Porsche 911, injini ikiwa nyuma, wapo wanaoiingiza kinyumenyume. Sakafu iliyopangwa vizuri ina pete za kutosha kumruhusu mwenye trela kulisogeza gari mbele au nyuma mpaka mzigo ukae anapotaka.

Rafiki yangu alichukua ya tatu, kwa kuiagiza kiwandani, futi 24. Makabati aliyakataa. Fedha iliyobaki aliiongeza kwenye ekseli za ratili 7,000 kila moja badala ya 5,200, akieleza kuwa hatazijaza kamwe, ila anataka breki kubwa zaidi na fani zisizochoka mapema. Halafu akaomba kitu ambacho muuzaji hakukielewa: kuta za ndani zisivikwe mbao, nguzo na mishono vibaki wazi, ili kila baada ya miezi kadhaa apite na tochi. Muuzaji alisema wateja wengi hulipia ziada kuvificha. Rafiki yangu akamjibu kwamba yeye angelipia ziada kuviona, kama ingehitajika. Haikuhitajika, bei ilishuka.

Ilibaki rangi tu, ambayo hakuwa ameifikiria hata kidogo. Karatasi ilikuwa na nyeusi, kijivu cha makaa, nyekundu na nyeupe. Akachagua nyeupe, kwa sababu ya paa na jua, akatia saini.